Kiti cha Aliyewahi Kulazwa

Mganga mkuu wa hospitali ya magonjwa ya akili alimfuata fundi cherehani mpaka kibandani kwake. Alimweleza kuwa bodi ya ushauri ya hospitali inataka, kwa mara ya kwanza, mjumbe aliyewahi kulazwa pale.

"Tunapanga mambo ya wodi ambamo hatujalala," alisema. "Wewe umelala."

"Nitatajwa hivyo mbele za watu?"

"Utajitambulisha mwenyewe, utakavyo."

Fundi akakubali. Alikuwa amepona, mikono imetulia, wateja wamerudi, na lipo jambo moja alilotamani kulisema.

Siku ya kikao aliingia akakuta mhasibu mstaafu ameketi upande wa pili wa meza. Alikuwa mkwe wake, baba wa mume wa binti yake. Fundi nusura ageuke arudi. Alipolazwa, binti yake aliwaambia wakwe kwamba mama amekwenda kumuuguza dada yake, na mkwe alituma pole nyingi kwa dada huyo ambaye hakuwahi kuzaliwa.

"Kumbe na wewe umo, mkwe?" mhasibu alifurahi. "Karibu. Usiogope vikao, kazi kubwa hapa ni kumaliza biskuti."

Zamu ya kujitambulisha ilipomfikia, alimtupia mkwe jicho.

"Mimi ni fundi cherehani," alisema. "Nawakilisha wananchi."

Mganga mkuu alimtazama kidogo, kisha akainamia kikombe chake.

Ikaja ajenda ya mavazi. Ndugu wa baadhi ya wagonjwa walilalamika kwamba wagonjwa wanavuliwa nguo zao kwenye korido ya mapokezi na kuvishwa kanzu za hospitali zilizo wazi mgongoni. Matroni alisema tangu aanze kazi hajasikia mgonjwa akilalamika.

"Ndiyo maana tulitaka mtu aliyewahi kulazwa," alisema mwenyekiti. "Naona hakutokea. Labda kaona haya."

"Tusimlaumu," alisema mkwe. "Watu wale hawajiwezi."

Aliyasema kwa huruma ya kweli, na huruma hiyo ndiyo iliyomchoma fundi. Yeye mwenyewe alivuliwa kwenye korido ile, mlinzi wa kiume amesimama pembeni, akashinda siku nzima ameshika kanzu kwa nyuma ili isifunguke. Hilo ndilo jambo alilokuja kulisema. Akanyamaza. Kikao kikapitisha utaratibu ubaki ulivyo.

Walipotoka, koridoni alikuwepo mwanamke aliyeletwa muda huo huo. Muuguzi alikuwa akimvua blauzi. Mwanamke alimwona fundi na mtandio wake mabegani.

"Dada, nisitiri."

Nyuma ya fundi mkwe alikuwa anakuja, akiongea na mwenyekiti. Fundi alikaza macho mbele, akapita.

Nyumbani alikaa mbele ya cherehani bila kutia uzi. Binti yake alipokuja kumsalimia, alimweleza yote.

"Nataka kuwaambia ukweli."

"Mama, na mimi je? Mimi ndiye niliyetunga habari za dada. Watanionaje wale?" Binti alijifuta uso. "Jiuzulu tu. Sema umebanwa na kazi."

Fundi alitamani kumsikiliza. Lakini kila alipofumba macho alimwona mwanamke yule, mikono imekunjwa kifuani.

Kikao kilichofuata aliomba nafasi.

"Yule mtu mliyesema hakutokea, alitokea. Ni mimi. Niliona haya." Akasimulia kuhusu mlinzi, kanzu, na mwanamke aliyemwomba mtandio. "Aliniita dada, nami nikampita kama sikusikia."

Matroni aliuliza polepole, "Nani alikuvua?"

"Sura siikumbuki."

"Huenda ni mimi," alisema matroni, akaangalia vidole vyake.

Siku hiyo walikubaliana kwamba wagonjwa wabadilishiwe nguo chumbani, mlango umefungwa, bila mlinzi wa kiume kwa wanawake, na kanzu zifungwe ubavuni. Mwenyekiti akasema bahati nzuri fundi tunaye.

"Kushona tutazungumza siku nyingine," fundi alimjibu. "Leo nimekuja kama mjumbe."

Walipofika mlangoni, mkwe alimsogelea.

"Yule dada niliyempa pole?"

"Hakuwepo, mkwe. Binti alidanganya kunisitiri. Nisameheni."

"Nami nikasema hamjiwezi, wewe umekaa hapo hapo." Hakuweza kumwangalia. Aliondoka bila kumpa mkono.

Fundi alipanda wodini kumtafuta yule mwanamke. Muuguzi alimwambia ameruhusiwa, ndugu zake wamemchukua, na anwani za wagonjwa hazitolewi. Alishukuru akashuka, msamaha wake ukiwa bado mdomoni.

Kwa wakwe, binti aliulizwa akalia, na kwa muda mrefu kutembeleana kukawa kwa tahadhari. Kisha jioni moja mkwe na mkewe walikuja wenyewe kwa fundi. Walikaa, wakanywa chai, hawakuligusa jambo lile. Wakati wa kuaga, mke wa mkwe alibaki nyuma kidogo.

"Na mimi nina mdogo wangu," alinong'ona. "Tunasema yuko masomoni."

Fundi alimshika mkono. Wote wawili walikuwa wanaangalia chini.