Nahodha Aliyepita Getini

Lori la wachezaji wa klabu ya soka ya Papa wa Axim liliposimama nje ya uwanja wa Tarkwa, geti lilikuwa wazi, na bawabu anawakaribisha kwa tabasamu. Hilo tabasamu ndilo lililowatia hofu.

"Mnamwona anavyochekacheka?" alisema Nana Blay, mwenyekiti wa klabu, mzee mnene mwenye kitambaa cha heshima begani. "Tazameni chini ya geti. Udongo umechimbuliwa leo leo. Na yale manyoya meupe ya nini? Pale kazikwa kuku mzima ili tulogwe! Papa hapiti hapo. Ukutani, wanangu!"

Hakuna aliyebisha. Klabu yao ilianzishwa na wabeba magogo wa bandarini, na kila ilipokaribia kupanda ligi kuu, iliteleza mlangoni. Safari moja mpigaji penalti alipaisha mpira mpaka nje ya ukuta, akaapa kwamba aliona magoli mawili. Watu wa Axim ni watu wazuri, ila ukiwaambia kwamba miguu yao ndiyo iliyokosea, watakununia mwezi mzima. Wao lawama zote huzipeleka kwenye mageti ya watu.

Leo ilikuwa kufa na kupona. Wakishinda, wamepanda. Wakitoka sare, hawana chao. Nahodha, Mieza Ezoah, winga mwenye jezi namba saba, alilijua hilo kuliko wote. Umri ulikuwa umekwenda, goti limeviringishwa bendeji, na mechi hii ndiyo ya mwisho kwake. Baba yake alikuwa mmoja wa wale wabeba magogo, na alikufa akiulizia habari za ligi kuu. Mieza aliutaka ushindi huo.

Wakazunguka nyuma, upande wa vyoo. Mieza, kwa kuwa ndiye mrefu, akajifanya ngazi. Wakampanda mabegani mmoja baada ya mwingine. Mshambuliaji Ackah, aliyemwoa dada yake, alimkanyaga sikio.

"Samahani, shemeji!"

"Panda huko! Utaniomba radhi ukishafunga."

Wote wakaangukia ndani salama. Nana Blay naye akang'ang'ania apande kabla ya nahodha, eti mwenyekiti habaki nje. Alipofika juu akakaa kama aliyepanda punda, kitambaa kikanasa kwenye msumari. Hakwenda mbele wala hakurudi nyuma. Vijana wakamvuta mguu kwa ndani, yeye akapiga mayowe: "Taratibu! Mtanigawa vipande!"

Hapo kipaza sauti kikakoroma. Refa yuko katikati anamsubiri nahodha wa Papa kwa kurusha sarafu, na asipofika sasa hivi, ushindi wanapewa wenyeji.

Mieza akautazama ukuta. Ngazi ilikuwa yeye mwenyewe, na juu kumejaa mwenyekiti. Akatoka mbio hadi getini, akasimama. Nisiwadanganye, naye aliogopa. Kisha akamkumbuka baba yake, akapiga moyo konde, akafumba macho, akalipita geti kwa mruko mmoja. Bawabu akacheka hadi kofia ikamdondoka.

Refa alikuwa ameshaweka filimbi mdomoni. Sarafu ikarushwa, mechi ikaokolewa, na wenzake wakaja wanahema, wamejaa vumbi la chokaa. Ackah akamwangalia Mieza juu hadi chini. Jezi yake haikuwa na doa.

"Shemeji, umepita wapi?"

"Getini."

Ackah akarudi nyuma. "Basi usinishike."

Na kweli hawakumshika, wala hawakumpa mpira. Jamani, mliwahi kuona watu kumi wakicheza na watu kumi na mmoja kwa hiari yao? Mieza akirusha mpira kutoka pembeni, wenzake wanaupisha mpaka adui auguse kwanza, ndipo wanauparamia, kana kwamba umeoshwa. Mashabiki wa Tarkwa wakang'amua, uwanja mzima ukalipuka kwa nyimbo.

"Namba saba yatima! Namba saba, njoo huku tukulee!"

Hasira zikampanda, na uchungu pia. Alikimbia, akapokonya, akapiga krosi, na krosi zake zote Ackah alizikwepa. Kipindi cha kwanza kikapita hivyo, cha pili kikaelekea kuisha hivyo hivyo. Bila kwa bila. Pembeni, Nana Blay alikuwa anatafuna ncha ya kitambaa chake kilichochanika.

Dakika za lala salama, Ackah akautwaa mpira akiwa na mabeki wawili mgongoni. Kulia kwake hapakuwa na mtu ila Mieza, peke yake, amebaki na kipa tu mbele.

"Ackah! Nipe!"

"Sikupi!"

"Nipe! Tukikosa leo, utamwambia nini dada yangu?"

Beki akamvaa, Ackah akaanza kuanguka, na huku anaanguka akapiga kelele kama anayemeza dawa chungu, akausukuma mpira kulia. Ukaja! Mieza hakuutuliza. Aliupiga kwa ule mguu wa goti bovu, ukampita kipa kwapani, ukazitikisa nyavu. Tarkwa yote kimya. Kwenye kona, wale wachache waliotoka Axim wakawa wanakumbatiana, wanarusha viatu, wanalia.

Filimbi ya mwisho ikalia palepale. Wamepanda! Papa wa Axim wako ligi kuu!

Vijana wakamkimbilia nahodha wao, mikono juu. Walipobakiza hatua chache wakasimama ghafla. Wakamzunguka, wanashangilia kwa mbali, hakuna anayesogea. Mieza alikuwa amepiga magoti, mikono ameifungua, na tabasamu likaanza kufifia usoni mwake.

Ackah akamtazama. Akatazama geti, akamtazama tena.

"Potelea mbali!" akasema. "Kama ni kufa, tutazikwa pamoja, shemeji."

Akamrukia. Wote wakafuata, wakamlalia, na Nana Blay akaja mbio kujibwaga juu yao kwa uzito wake wote. Chini kabisa ya lundo hilo Mieza alilia kwa sauti kama mtoto, kwa sababu tangu mechi ianze hakuna mwenzake aliyekuwa amemgusa.