Nywele za Agapiti

Sentensi yenyewe haikuwa yake. Asteria aliikuta kwenye mfano wa fomu ya ridhaa waliogawiwa wanafunzi wa uzamivu siku ya mafunzo ya maadili ya utafiti: mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote na kudai sampuli yake, naye atarudishiwa. Dk. Deusdedit, msimamizi wake, ndiye aliyeongoza mafunzo. Aliwashauri waiache kama ilivyo, kwa kuwa kamati inaipenda.

"Msiogope," akasema. "Miaka yote hii sijaona mtu akifuata kikombe chake cha mkojo."

Ukumbi ulicheka. Asteria hakucheka, ila sentensi aliiacha. Akaitafsiri kwa Kisukuma neno kwa neno, maana usahihi ndio uliokuwa mtaji wake, akaenda kuisoma mbele ya wanawake wa mwalo wa Nsungwa, ng'ambo ya Ushirombo. Mwaloni hapo mawe ya dhahabu husagwa na kuoshwa, kisha zebaki ikatiwa kuikamata dhahabu, na donge lile likachomwa motoni mpaka zebaki yote iondoke kama moshi. Sehemu ya moshi huo huishia mwilini mwa mchomaji na mwa aliye karibu naye, na nywele hutunza kumbukumbu yake. Ndiyo maana alitaka nywele zao na za watoto wao.

Nywele za mtu hazipewi mgeni. Wanawake walikaza vilemba vyao.

"Leo nywele, kesho kucha," alisema mmoja.

"Keshokutwa jino! Mganga gani amekutuma, dada?"

Walicheka, lakini hakuna aliyesogea, mpaka aliposimama Epifania, mama Agapiti, mchomaji hodari kuliko wote pale.

"Si amesema ukizitaka anarudisha? Mimi natoa. Nikiota vibaya nitampigia simu."

Akampakata mwanawe wa miaka mitatu, akatoa wembe, akamnyoa kichwa kizima. "Chukua zote. Zitaota." Kisha akainamisha kichwa chake mwenyewe. Baada ya hapo wengine walipanga foleni. Mama mkwe wake, bibi Nyamizi, siku hiyo alikuwa Ushetu kwenye tumbaku. Angekuwepo, wembe ule usingetoka kwenye karatasi yake.

Simu ilikuja Asteria akiwa chuoni, katikati ya mafunzo mengine, haya ya namna ya kuwasilisha matokeo. Alitoka nje kuipokea.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mama Agapiti. Za huko?"

"Agapiti ametutoka. Homa, halafu degedege. Amekatikia njiani tukimpeleka hospitali." Sauti ilikuwa kavu, ya mtu aliyemaliza kulia na bado ana kazi ya kufanya. "Nataka nywele zake. Mama mkwe amekataa kaburi lisichimbwe. Anasema mtoto hazikwi nusu. Anasema nimemuuza mjukuu wake, na watu wanamsikiliza. Dada, ulisema."

"Nilisema," alijibu Asteria.

Maabarani, Martina, fundi sanifu, hakuhitaji kutafuta. Wiki iliyotangulia wanafunzi wapya wa uzamili walikuwa wamefundishwa kuyeyusha sampuli kwa asidi, na kwa mafunzo ilihitajika sampuli kubwa. Za Agapiti ndizo zilikuwa nyingi kuliko zote. Asteria mwenyewe ndiye aliyezichagua. Kilichobaki kilikuwa kichupa cha maji meupe, na kipimo kilichokwisha kusomwa kwenye mashine, cha juu kuliko cha mtoto mwingine yeyote. Hakikuonyesha kilichomuua. Kilionyesha tu kwamba dhahabu ilichomewa karibu na pua yake.

"Pita kwa kinyozi yeyote," alisema Dk. Deusdedit. "Mama atazika, atapoa."

"Hazitakuwa zake."

"Nani atapima, Asteria?"

"Mimi nitajua."

"Basi kaonane na ofisi ya msaada kwa wanafunzi wa uzamivu. Ndiyo kazi yao."

Ofisi ilimpokea vizuri. Walimpa chai, wakamwandikia miadi na mshauri nasaha mwezi uliofuata. Asteria alirudi kwa Martina, ambaye aliyapunguza makali maji yale na kukifunga kichupa kwa utepe. Asubuhi akapanda basi.

Msibani wanaume walikuwa wameketi na majembe yao yakiwa makavu. Asteria alipiga magoti mbele ya bibi Nyamizi, akatoa shikamoo, akaeleza kwa Kisukuma kisichokuwa na kosa: nywele zimeyeyushwa ili zipimwe, na kilichobaki ni hiki.

Bibi Nyamizi alikiinua kichupa kwenye mwanga, akakigeuza.

"Mjukuu wangu ni maji."

Hapo Epifania akanyanyuka mkekani. "Mayu, hazijapotea," alimwambia mama mkwe wake, na sauti ilimtoka kwa haraka. "Ziko humo humo. Si kama kwenye matangi ya marudio? Dhahabu inageuka maji, huioni, halafu kaboni inainasa. Wakiipeleka elusheni, kule wanakoitoa kwenye kaboni, inarudi. Na hizi wakishazipima wanazirudisha."

Wanaume walitazamana. Mihayo, baba mdogo wa marehemu, alikuwa na tangi lake la marudio, la kulowekea kwa dawa mchanga uliokwisha kuoshwa. Alitikisa kichwa kukubali. "Hilo nalijua kwa macho yangu. Unaona maji matupu, kumbe mali imo. Inarudi nzima."

"Tunaweza kuzika mwili leo, nywele zikafuata," alisema mwingine, na mmoja akavuta jembe lake karibu.

"Si ndivyo, dada?" Epifania alimgeukia. "Zinarudi?"

Ua zima lilimgeukia. Jibu la ndiyo lingetosha. Hata kutikisa kichwa kungetosha. Lakini dhahabu ikiyeyuka hubaki dhahabu, na nywele zikiyeyuka si nywele tena. Asteria alilijua hilo, na hakujua namna ya kutolijua.

"Hapana," alisema. "Zimekwisha. Hazirudi."

Jembe liliwekwa chini tena.

"Na humu ndani kuna nini?" aliuliza bibi Nyamizi.

Asteria alikuwa amefundishwa kwamba matokeo ya mtoto huambiwa mzazi wake tu, faraghani. Lakini aliulizwa, na jibu alikuwa nalo. "Zebaki. Nyingi. Ya moshi wa kuchomea dhahabu."

Bibi Nyamizi alikishusha kichupa. Alitazama jiko la mkwewe, lile banda lenye paa jeusi alimochomea dhahabu, kisha akamtazama mkwewe, na wote waliokuwa pale wakafuata macho yake. Ndipo akaruhusu kaburi lichimbwe. Alikwisha kupata alichokuwa akikitafuta.

Agapiti alizikwa na kichupa mkononi. Watu hawajamaliza kunawa, kifurushi cha nguo za Epifania kilikuwa kimetupwa nje ya ua, na mumewe alikuwa akitazama pembeni.

Asteria alimkuta Epifania barabarani, ameketi juu ya kifurushi.

"Neno moja, dada. Nilikuomba neno moja tu."

"Lingekuwa uongo."

"Nilijua ni uongo. Unadhani mimi mjinga? Nywele si dhahabu." Alifuta uso kwa ncha ya kanga. "Wao walikuwa wamekubali. Wewe ndiye uliyekataa."

Asteria alitafuta la kusema, akapata ushauri. "Usichomee ndani tena, mdogo wangu. Moshi ule…"

"Nichomee wapi? Nje wanaiba." Akasimama, akajitwisha. "Na zangu, bado ziko?"

"Ziko. Sijazipima."

"Nizirudishie."

Alimrudishia. Habari ilienea mwaloni, na wanawake wote wakadai zao, mmoja baada ya mwingine. Asteria alirudisha kila bahasha kwa mwenyewe, bila kuchanganya hata moja. Utafiti ukaishia hapo. Chuo kilimsaidia kubadili mada.

Mwaka uliofuata aliombwa ahudhurie mafunzo ya maadili pamoja na wanafunzi wapya. Dk. Deusdedit alisimulia kisa cha Nsungwa bila kutaja majina. "Mtafiti angeweza kupita kwa kinyozi," alisema kwa fahari. "Hakupita. Hiyo ndiyo maana ya uadilifu." Akamwonyesha Asteria kwa mkono, na ukumbi ukapiga makofi.

Msichana mmoja wa mstari wa mbele, Elieth, alinyoosha mkono. "Na yule mama, yuko wapi?"

Dk. Deusdedit alimtazama Asteria.

"Yuko Geita," alisema Asteria. "Anawachomea watu dhahabu, kwa ujira. Ndani."

"Yeye nywele zake zilionyesha nini?"

"Hazikupimwa," alisema Asteria. "Alizidai, nikamrudishia."