Wimbo wa Saba wa Setsuko Aramaki

Saa tisa na robo alasiri Kawira alishuka kwenye basi la wafanyakazi wa kliniki, akakata kona penye duka la kutengeneza simu, akaingia kwa mlango wa nyuma wa nyumba yao ya Al Mansoura, mjini Doha. Zamani ilikaa familia moja. Sasa ilikuwa na vyumba kumi na vinne, vilivyogawanywa kwa mbao nyembamba kiasi kwamba ukikohoa namba tatu unaambiwa pole namba tano. Chumba namba sita kilikuwa chao, yeye na mumewe Kioko na mtoto wao Ann, wa miezi saba.

Mlango ulikuwa umezuiwa kwa ndala ili upepo uingie, ingawa upepo wenyewe haukuwepo tangu Mei. Nasimiyu wa namba saba, aliyemshika mtoto asubuhi kwa kuwa zamu yake ya hotelini ilianza jioni, alikuwa amemlaza Ann sakafuni juu ya leso iliyoloweshwa maji, anampepea kwa kifuniko cha boksi la viatu.

"Amekunywa maziwa?"

"Nusu. Na hiyo nusu ameirudisha. Halafu hizi harara, Mama Ann, zimeshuka mpaka kwa mapaja."

AC ya dirisha ilikuwa imekufa tarehe kumi na mbili Mei, saa nne asubuhi, kwa mlio kama wa sufuria inayoanguka. Kawira alikuwa ameandika kwenye grupu la WhatsApp la nyumba mara tisa. Mara tisa Collins, msimamizi wa nyumba, Mkenya mwenzao wa kutoka Kitale, alijibu kwa kidole gumba.

Mwisho wa Juni, baada ya Ann kushikwa na degedege na kulazwa siku mbili, daktari alimwambia Kawira maneno machache tu: mtoto huyu asilale tena kwenye joto. Walitafuta chumba kingine. Kila walikobisha, mlango ulifunguliwa hadi mwenye nyumba alipomwona mtoto. Usiku huo Kioko hakula. Asubuhi akasema jambo ambalo wote wawili walikuwa wakilizunguka. Kama chumba hakitapoa kufikia mwisho wa Julai, Miriam wa ofisini kwa kina Kioko, anayekwenda likizo tarehe tatu Agosti, atambeba Ann mpaka Maua, Kenya, kwa shosho yake, mama wa Kawira.

"Nimeongea naye," Kioko alisema. "Amekubali. Ameuliza hata Ann hupenda kubebwa upande gani."

Kawira alimvuta Ann karibu. Upande ni wa kushoto, na hakutaka Miriam aujue.

Wiki hiyohiyo Kioko, ambaye alikuwa dereva wa kampuni ya magari ya kukodi, alirudi na diski. Mhandisi mmoja Mjapani aliyempeleka uwanja wa ndege alikuwa ameisahau kwenye kiti cha nyuma, na alipopigiwa simu akasema waiweke tu, yeye nyimbo zote anazo kichwani. Kwenye jalada palikuwa na mama mtu mzima, gauni la zambarau, mkono mmoja kifuani. Kioko aliipiga picha kwa simu, simu ikatafsiri: *Setsuko Aramaki. Nyimbo Zilizopendwa Zaidi. Miaka Hamsini Jukwaani.*

Waliicheza kwenye redio yao ya mtumba, waliyoinunua mtaa wa Najma, kwa sababu mtoto alikuwa analia na walishamaliza nyimbo zao.

Wimbo wa kwanza ulileta harufu ya samaki wa kuchoma. Wa pili haukuleta kitu. Wa tatu ulimleta mwanamume mwenye begi, aliyeketi ukingoni mwa kitanda hadi wimbo ulipokwisha, akainamisha kichwa kwa heshima, akatoka. Kioko hakuupenda, wakawa wanauruka. Wa nne ulijaza maji ya bahari mpaka vifundoni, ukaharibu mfuko wa unga, nao wakawa wanauruka. Wa tano na wa sita zilikuwa za mapenzi.

Wa saba ulileta theluji.

Ilianza kwenye ubeti wa pili, kutoka kwenye dari, laini na bila haraka. Ilitua kwenye jiko la gesi, kwenye sare ya Kioko iliyoning'inia, kwenye nywele za Ann. Ann alinyamaza. Alipiga chafya mara moja, akalala. Kawira alimvalisha soksi.

Tangu siku hiyo maisha yakawa na utaratibu. Wimbo ulichezwa kila baada ya saa moja na nusu, mara kumi na moja kwa siku. Theluji ilikaa kama nusu saa, ikayeyuka, na Nasimiyu akasukuma maji kwa mpira wa kudekia hadi kwenye tundu la bafuni, isipokuwa ndoo mbili za kufulia nepi. Harara zilikauka. Ann alianza kuongezeka uzito. Kawira aliandika tena kwenye grupu, mara ya kumi, kwamba AC bado haifanyi kazi, kwa sababu theluji ni theluji na AC ni AC.

Safari hii Collins alikuja mwenyewe.

Alikuja Jumamosi saa nane mchana, ametoka kukagua nyumba tatu kwa miguu, shati limemshika mgongoni, uso unametameta kwa jasho. Mkononi alikuwa na bunduki ndogo ya kupimia joto la kuta. Kawira alimwangalia mtu yule amesimama mlangoni anahema, na malezi ya kwao Maua yakamtangulia kabla akili haijafika. Alimvutia kiti. Akabandika chai. Akabonyeza redio, wimbo wa saba.

"Karibu, upoe kwanza," alisema.

Collins alikunywa chai huku theluji ikimtua mabegani. Alikula mandazi mawili. Kisha akaelekeza bunduki ukutani, akaibonyeza.

"Digrii kumi na tatu," alisema. "Mama Ann, sisi ofisini hatuna hata hii."

"Hiyo si AC, Collins. Hiyo ni huyu mama wa Japani."

"Mimi fomu yangu haiulizi ni nani. Inauliza ni ngapi." Akaandika. "Asante kwa chai. Wengine nikienda wananiweka kwa jua."

Jioni kwenye grupu pakatokea ujumbe: *Namba 6 imekaguliwa. Joto 13. Lalamiko limefungwa.*

Kioko aliusoma akiwa bado amesimama, funguo za gari mkononi.

"Ulimwekea theluji?"

"Alikuwa anatoka jasho."

"Kawira. Mtu amekuja kupima joto."

"Alikuwa mgeni, Kioko. Ningemwacha aive?"

Kioko alikaa kitandani. Alifikiria mama yake mwenyewe, kule Machakos, angefanya nini. Akaziweka funguo chini.

Katikati ya Julai Setsuko Aramaki alianza kukauka sauti. Haikuwa diski kuchakaa. Diski ikichakaa hukwama, na hii haikukwama. Ni yeye. Alivuta pumzi pale ambapo zamani hakuvuta. Alikohoa kidogo kabla ya kiitikio, akiwa amegeuka pembeni kwa adabu.

"Ni mzee wa watu," Kioko alisema, ameshaangalia kwenye simu. "Ana miaka sabini na nane. Wewe ungeimba mara kumi na moja?"

Wakampunguzia hadi mara nane, kisha sita. Kawira kazini akili ikawa haitulii. Alipanga taulo za kliniki huku akihesabu saa: sasa imeshayeyuka, sasa kuta zimeanza kupata moto, sasa Ann anageuza shingo. Akiona simu ya Nasimiyu inaita, alishaanza kuelekea mlangoni kabla ya kupokea. Mara nyingi ilikuwa ni kuulizwa kijiko kiko wapi.

Tarehe ishirini na tano, saa kumi jioni, Setsuko Aramaki alifika nusu ya ubeti wa pili akaacha kuimba. Vyombo viliendelea kidogo, vikaisha kimoja kimoja. Ikasikika sauti ya kiti kuvutwa, na ya mtu akimimina kitu kwenye kikombe. Halafu kimya.

"Pumzika, mama," Kawira aliiambia redio, akaizima.

Ann alikuwa ameanza kufura uso kwa kilio. Kawira alimwinua, akamweka upande wa kushoto, akauanza wimbo mwenyewe. Hakujua maana ya neno hata moja. Alijua tu kila neno linakaa wapi, lipi linapanda, lipi linavutwa, kama mtu anavyojua samani za nyumba aliyoifanyia usafi kwa miaka. Alipofika ubeti wa pili theluji ikashuka. Ilikuwa nyembamba kuliko ya mwenye wimbo na haikufika mlangoni, lakini ilitosha kitanda kimoja.

Siku ya tatu baada ya hapo Collins alirudi, na fundi na ngazi. Alisema AC ya namba sita ina kompresa inayoweza kuponya nyingine, kwenye nyumba wanayoisimamia Umm Salal, na kwa kuwa chumba hiki hakihitaji AC, basi.

"Kinahitaji," Kawira alisema.

"Fomu inasema digrii kumi na tatu."

"Ni mimi ninayeimba, Collins! Sauti ikikatika je?"

Collins aliwaza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wawili Kitale waliomwita anko kwenye simu kwa kutomzoea. "Basi kunywa vitu vya moto," alisema. "Tangawizi."

Fundi aliing'oa. Kilichobaki ni tundu la mstatili ukutani, na Doha yote ya mwezi wa saba ikaingia nalo. Walilifunika kwa kadibodi na utepe. Utepe uliyeyuka gundi kabla ya saa kumi na mbili.

Tarehe mosi Agosti Kioko alishusha begi dogo kutoka juu ya kabati. Aliweka nepi, sweta ambalo mama yake alikuwa ametuma, kadi ya chanjo. Alikunja kila kitu mara mbili zaidi ya inavyohitajika. Kawira alimtazama.

"Ninaweza kuimba," alisema.

"Ukiwa kazini?"

"Kwa simu. Tumeshajaribu na Nasimiyu. Theluji huangukia upande wa simu wenye joto zaidi."

"Mpaka lini, Kawira?"

"Mpaka Oktoba. Oktoba kunapoa."

"Na mwaka ujao?"

Kawira aliokota soksi ya Ann, akaikunja. Kioko alikaa na sweta magotini. Mwishowe akatoa kadi ya chanjo kwenye begi, akairudisha pale inapokaa siku zote, nyuma ya kioo. Miriam alisafiri tarehe tatu, mikono mitupu.

Ikawa hivyo. Saa tatu, saa nne na nusu na saa sita Kawira aliingia stoo ya mashuka ya kliniki, akafunga mlango, akaimba kwenye simu. Cheryl, mkubwa wake, alimpa ruhusa ila akaomba asivute sana ule mstari wa mwisho, kwani wagonjwa walikuwa wakisinzia foleni. Nyumbani alisukutua kwa maji ya chumvi. Alinong'ona mchana kutwa ili kuiweka sauti, hata na Kioko alinong'ona, na Kioko akajizoeza kumjibu kwa kunong'ona, mpaka jirani mmoja akauliza kama wamekosana. Kila asubuhi kabla ya kufungua macho alijaribu koo kwanza, noti moja ya chini, kuona kama bado ipo. Ilikuwepo. Siku nyingine ilikuja imechelewa.

Tarehe kumi na sita Collins alituma fundi mwingine akakate kipande cha mbao juu, karibu na dari, kati ya namba sita na namba tano, ili baridi isiishie upande mmoja bure. Kesho yake aliitangaza namba tano, iliyokuwa wazi, kuwa ni chumba chenye ubaridi wa asili, akang'oa na AC yake. Kabla ya wiki kuisha kilipata wapangaji: Maurice, mlinzi wa duka, na mkewe Jerusha, na mtoto wa wiki tano ambaye Kawira alikuwa bado hajamwona, bali alikuwa akimsikia. Alilia kile kilio kidogo cha watoto wachanga wakati wa joto, kisicho na nguvu za kupanda.

Ijumaa mchana Kawira alikuwa amekaa kitandani, Ann amemlalia, naye amefika ubeti wa pili. Theluji ilikuwa ikishuka taratibu juu ya vichwa vyao viwili. Ubao wa ukutani ukagongwa kwa kucha, mara tatu, kwa unyonge wa mtu asiyependa kusumbua.

"Mama Ann," sauti ya Jerusha ilisema kupitia lile tundu la juu. "Samahani, mama. Huku haifiki. Unaweza kuongeza kidogo?"

Kawira alimeza mate, na koo likamuuma. Akavuta pumzi palepale ambapo Setsuko Aramaki alizoea kuvuta, akaongeza.