Niliita Ukumbi, Stoo Ikaitika

Mke wangu huniita Mhandisi, na hajawahi kulitamka neno hilo bila kubinua mdomo. Mimi ni fundi umeme. Mambo ya kuongoza taa kwa kompyuta niliyajua juzijuzi tu, kwa hiyo nilikuwa nayazungumza kila mahali, hata msibani.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye jengo la kukodisha kumbi. Kila chumba nilikifungia kisanduku cha kuongoza taa, na kila kisanduku nilikipa anwani yake kwenye mtandao, ili msimamizi wa jengo aweze kukiamuru akiwa amekaa ofisini. Mwenye jengo alikuwa analia na bili ya umeme, nikampatia dawa: jicho la darini lisipoona mtu akitikisika kwa dakika mbili, taa zinazima. Maelekezo ya kisanduku yalishauri ishirini. Nikasema walioyaandika hawajui kubana matumizi.

Sasa, katika ukumbi mkubwa, ule wa katikati usio na dirisha hata moja, ndimo mke wangu alimokuja kufanyia mtihani wa uuguzi. Alishaanguka mara mbili, na hii ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Nyumbani tulikuwa tunatembea kwa kunyata ili asome. Nikamsindikiza hadi mlangoni.

"Leo utafanya mtihani chini ya taa zangu," nikamwambia.

"Hilo ndilo linaloniweka tumbo joto," akasema, akaingia.

Mimi na usomi wangu wote sikuwa nimewaza kitu kimoja: watu walio kwenye mtihani hawatikisiki.

Nilikuwa ofisini namfundisha msimamizi wa jengo mambo ya mitandao, tukasikia ukumbi mzima ukiguna. Giza. Mtu akainuka huko ndani, taa zikawaka. Baada ya kitambo zikazima tena.

"Fundi, shemeji si yumo humo?" msimamizi akauliza.

Nikaivamia kompyuta. Nikaita anwani ya ukumbi, nikaongeza muda, ikajibu kwamba imepokea. Taa zikazima. Nikaongeza tena, ikapokea kwa adabu zote, taa zikazima. Ndipo nikakumbuka ile haraka yangu isiyo na baraka: mipangilio ya kisanduku cha stoo niliinakili nikaibandika kwenye cha ukumbi, na anwani nayo ikaenda humo humo. Visanduku viwili, anwani moja. Niliita ukumbi, stoo ikaitika naam. Stoo ya mafagio na viti vibovu sasa ilikuwa na ruhusa ya kuwaka mpaka jioni.

Kuingia ukumbini hakuruhusiwi. Nikachungulia kwenye kioo cha mlango. Mke wangu alikuwa anaandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameuinua anaupunga kama anayefukuza nzi. Iliniuma. Niliona aibu, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nilibaki pale pale naona aibu. Kwamba ningekizima tu kisanduku cha stoo ili cha ukumbi kipate kunisikia, akili hiyo ilinijia mtihani ulipokwisha, kama ilivyo desturi yake.

Wasimamizi wa mtihani waliongeza nusu saa kufidia giza.

Matokeo yakatoka. Amefaulu. Nilicheza kuliko yeye. Nikawapigia simu mashemeji, nikampigia mama mkwe, nikawaeleza kwamba bila ile nusu saa mambo yangekuwa mengine, na je, nusu saa ile ilitokana na kazi ya nani?

Mke wangu aliniacha nimalize simu zangu zote.

"Mimi nilimaliza mapema," akasema. "Kabla hata muda haujaongezwa."

"Sasa mbona hukutoka?"

"Wenzangu walikuwa bado wanaandika. Mama mmoja nyuma yangu alikuwa anaandika huku analia." Akaniangalia. "Ningetoka mimi, nani angewashikia taa, Mhandisi?"

Safari hii hakubinua mdomo, na hapo ndipo iliponiuma zaidi.