Sahihi Mia za Profesa

Profesa alipotangaza kugombea ubunge, mimi nilikuwa napiga deki ofisini kwake. Alikuwa akilitangazia dirisha. Akageuka, akaniona na ndoo.

"Binti, imekaaje hiyo?"

"Imekaa vizuri, Profesa. Sogeza mguu."

Sijui kilichomwasha. Miaka ishirini kafundisha siasa, labda alitaka naye aonje alichokuwa akiwapikia wenzake. Basi nikawa na hamu ya kuona itakuwaje, kila asubuhi naifuta meza yake polepole kuliko ilivyohitaji.

Kanuni ilikuwa hivi: kabla ya Ijumaa saa kumi jioni apeleke sahihi mia za wapiga kura. Zikipungua, jina linakatwa. Zikiwa za kughushi, linakatwa na yeye anashtakiwa. Akawapa wanafunzi wake karatasi wazizungushe mitaani, kama anavyozungusha ya mahudhurio darasani.

Alhamisi asubuhi nikazikuta mezani, zimejaa. Macho hayana pazia. Nikaona herufi yenye mkia uliojikunja kama wa mjusi, ukurasa wa kwanza mara saba, wa pili mara tisa; na zilizobaki mikia yake ni ya aina mbili tu. Mkia ule wa mjusi naujua. Karatasi za mahudhurio naziokota chini ya madawati: darasani wametoka watu kumi, karatasi ina arobaini. Mmoja huwaandikia wenzake. Profesa, pamoja na usomi wake wote, hajawahi kuhesabu vichwa.

Akaingia anapiga mluzi.

"Samahani, Profesa. Hizi wameandika watu watatu tu."

"Nani kakwambia?"

"Tazama mikia."

Akavaa miwani, akavua, akavaa tena. "Lakini vijana hawa wananipenda!"

"Ndiyo maana. Wanasaidiana hivi kila siku, wakadhani na wewe wanakusaidia."

"Kila siku?"

Nikamtolea za mahudhurio kwenye pipa. Akazilinganisha. Kisha akacheka mpaka machozi, mtu mzima yule. "Kumbe nafundisha viti!"

Akazichana karatasi zote za sahihi. Halafu kicheko kikamkauka. "Watu mia, mpaka kesho. Nitawatoa wapi?"

"Jikoni, getini, gereji, kwetu wa usafi. Ila usihutubie. Ongea."

"Basi nianze na wewe. Una kadi ya kura?"

"Ninayo." Nikapokea kalamu, sikuandika. "Kwanza niambie, ukiupata huo ubunge utafanya nini? Uwe umemaliza kabla sakafu haijakauka."

Akaitazama sakafu. Upande wa dirishani ilishaanza kukauka. Akaanza na historia, nikakohoa. Akaanza upya, akasema kuhusu barabara ya zahanati, ile inayotushinda mvua ikinyesha. Mlangoni bado palikuwa na maji alipomaliza.

Nikaandika jina langu, herufi moja moja, kisha nikamwonyesha mlango wa nyuma unaotokea jikoni. Miaka ishirini, hakuujua.

Ijumaa saa tisa na nusu alikuwa na sahihi mia na tatu. Nilizikagua mwenyewe. Hakuna mikia miwili iliyofanana.