Heho

Mama alipopatwa na kiharusi, Kiswahili kilimtoka chote. Kilichobaki ni lugha ya kwao, ambayo hakuwahi kuwafundisha wanawe, kwa kuwa alipoolewa majirani walimcheka kila alipofungua kinywa.

Binti yake, mshonaji wa sare za shule, ndiye aliyemuuguza. Neno moja lilimrudia mgonjwa kutwa: heho. Alilisema akimtazama binti machoni, kama anayeomba.

Binti alikuwa ameanza masomo ya jioni ukubwani. Mwalimu aliwaonyesha jinsi konsonanti zinavyobadilika katika lugha ndugu: penye p kwetu, kwa wenzetu imekuwa h. Sisi tunapita, wao wanahita. Habari ya jinsi maana nazo zinavyobadilika aliiahirisha hadi wiki iliyofuata, na wiki hiyo ndipo Mama alipoanguka.

Asubuhi moja, akipiga pasi kola, binti alilipata. Heho. Pepo. Mama alikuwa akiiona Pepo!

Alilia kwa shukrani. Akafungua dirisha mwanga uingie, akaondoa blanketi zito na kumtandazia Mama shuka jeupe. Kaka yake, dereva wa lori, alimtania kwamba akihitimu atawafasiria hata mbuzi. Lakini naye alipiga magoti. Kila Mama aliposema heho, waliitikia amina.

Hivyo ndivyo mama yao mdogo alivyowakuta alipowasili kutoka mbali. Alisikiliza kidogo, akaweka mkoba chini, akamshika dada yake nyayo.

"Mnaitikia nini?"

"Anaiona Pepo, Mama mdogo. Si anasema heho?"

"Heho ni baridi, mwanangu. Mama yako anasikia baridi."

Kaka alifunga dirisha, akakimbilia blanketi. Mama mdogo alisugua ile miguu huku akimsemesha dada yake kwa lugha yao, taratibu, kama anayebembeleza mtoto. Mgonjwa hakujibu tena. Pumzi zilizidi kuachana, na kabla jua halijazama zikakoma.

Binti alipanda kitandani na viatu vyake, akajilaza nyuma ya mama yake, akamkumbatia. Mama mdogo alimwambia amwachie, mwili umeshapoa. Hakumwachia. Alitafuta sala, yeye ambaye hakuwahi kukosa sala, akapata neno moja tu.

"Mfunike," alimwambia Mungu. "Mfunike."