Kidole cha Kumi na Moja

Saa mbili na nusu asubuhi fundi cherehani, mjamzito wa miezi saba, alikaa kwenye benchi la maabara akiwa amevaa koti la mumewe. Homa ilikuwa ya siku ya nne. Mpimaji alimchoma kidole, akaweka damu kwenye kipimo cha haraka, akasubiri dakika kumi na tano kwa saa ya ukutani. Mstari mmoja.

"Huna malaria, dada."

"Hata mwaka jana mliniambia hivyohivyo." Mwaka jana mimba yake ilitoka ikiwa na miezi sita.

Mkunga alikuwa meza ya pili akipima presha. "Kwa mjamzito vijidudu hujificha kwenye kondo la nyuma," alisema. "Kidoleni vinaweza visionekane."

"Najua," mpimaji alijibu. "Lakini dawa hutolewa kwa mistari miwili, na hadubini imekufa tangu Februari."

Hapo mtoto aliye tumboni akachomoza kidole kitovuni mwa mama yake. Kilikuwa cha shahada, chembamba kama njiti ya kiberiti. Mpimaji alikipangusa kwa spiriti, akakichoma pembeni, pasipouma sana. Kidole hakikutikisika.

"Huyu kakushinda uvumilivu," mkunga alimwambia fundi.

"Kwani mimi nimelia?"

Baada ya dakika kumi na tano mistari ilikuwa miwili. Kidole kilisharudi ndani.

Mfamasia alipokea kipimo dirishani, akafungua mwongozo. "Mwenye malaria ni mtoto. Ana kilo ngapi?"

"Moja na nusu," mkunga alikadiria.

"Chini ya kilo tano hatutoi vidonge. Na mama hana malaria."

"Shemeji, hicho kidole kimetoka mwilini mwa nani?" mkunga aliuliza.

"Mwa mama."

"Basi ni chake. Andika kidole cha kumi na moja."

Mfamasia alipitia mwongozo tena, hakuona kipengele kinachokataza, akahesabu vidonge ishirini na vinne.

Fundi alivimeza kwa siku tatu. Homa ilishuka siku ya pili. Kipimo hakikurudiwa, kwa sababu huweza kuonyesha mistari miwili wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Mimba ilitimiza miezi yake, akajifungua msichana wa kilo tatu na robo.

Wiki hiyohiyo ilifika barua kutoka makao makuu. Ilisema rejista ya maabara ina kasoro: binadamu ana vidole kumi vya mikono, na majibu ya kidole cha ziada yafutwe. Mpimaji alichukua kalamu nyekundu, akakata neno "anayo" kwenye safu ya malaria ya fundi, akaandika juu yake "hana". Akatia sahihi na tarehe.

Kisha akageukia benchi. Wajawazito sita walikuwa wamekaa, wote wana homa. Kwa wanne kati yao, vidole vilikuwa vimeshatoka vitovuni na kunyooshwa.

"Virudisheni ndani, kina dada," alisema, akivaa glavu. "Nahitaji vyenu wenyewe."